Sailensi Ikikataa Kushuka: Jinsi ya Kupata Chanzo Kwenye Gari Kuukuu

Injini ya petroli ya gari la miaka ya tisini, ikishapata moto, inatakiwa kukaa kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Hiyo ndiyo sailensi. Ikikaa 1,200 au 1,500, au ikipanda na kushuka yenyewe bila mtu kuigusa, basi ama kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa, ama kompyuta ya gari inaamini kwamba injini bado ni baridi. Magari mengi ya huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, yanaangukia moja ya hayo mawili. Na mengi yakifika kwa fundi wa pili tayari yana makovu ya bisibisi kwenye skrubu ya sailensi. Ndicho kitu cha kwanza kila mtu hugusa, na ndicho kinachofaa kuguswa mwisho.

Injini ya petroli haiongezi mwendo bila kuongezewa hewa, ukiacha suala la taimingi, yaani wakati cheche za plagi zinapowaka, ambalo nitalifikia. Hewa ina njia tatu tu za kuingia: kwenye bamba la throto (ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta), kwenye kijia cha pembeni kinachosimamiwa na vali ya sailensi, na mahali palipopasuka au kulegea. Ukikaza skrubu unabana njia halali huku ile ya magendo ikibaki wazi. Mshale wa mizunguko utashuka leo, fundi atalipwa, na kesho asubuhi, baridi ya Njoro ikiwa bado nzito, gari litazima kila ukiachia mafuta.

Inapanda wakati gani?

Jibu la swali hili linaokoa nusu ya kazi, kwa hivyo mwenye gari aulizwe kabla boneti halijafunguliwa.

Ikiwa inapanda asubuhi tu na kushuka yenyewe injini inapopata joto, hakuna ugonjwa. Injini baridi hukaa 1,200 hadi 1,800 makusudi, na kwa asubuhi za Nakuru au Molo itachukua muda mrefu zaidi kushuka kuliko ikiwashwa Kisumu. Ikipanda kidogo unapowasha eakondishoni, huo nao ni mpango wa waliotengeneza gari: injini inaongezewa nguvu ya kuzungusha kompresa. Wasiwasi uanze pale injini imeshapata moto, vitu vyote vimezimwa, na mshale bado uko juu.

Kisha tofautisha. Kuna sailensi iliyokaa juu bila kutingishika, kuna inayopanda na kushuka kama inapumua, kuna inayochelewa kushuka ukiachia mafuta, na kuna ile inayopanda sehemu za baridi na kupona sehemu za joto. Kila moja ina ukoo wake.

Kabla ya yote, tazama kapeti la chini lisiwe limekwamisha pedali, kisha shika waya wa mafuta pale unapoingia kwenye throto. Uwe na ulegevu wa milimita chache. Waya uliokazwa sana unaacha throto wazi hata mguu ukiwa nje ya gari. Zungusha throto kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, uiachie: inatakiwa irudi na kugonga kituo chake kwa mlio. Ikirudi kwa uvivu, springi imechoka au vumbi na masizi yameshikana kwenye shafti. Hii ndiyo sababu ya sailensi inayochelewa kushuka mara nyingi, na dawa yake ni kabu klina, yaani dawa ya kusafishia kabureta, mswaki mkuukuu na kitambaa.

Tahadhari moja hapo. Masizi kwenye throto kwa kawaida hushusha sailensi. Mtu akiona gari linataka kuzima, hufungua skrubu kidogo. Miezi inapita, masizi yanaongezeka, skrubu inafunguliwa tena. Siku gari linapooshwa throto vizuri, hewa yote iliyokuwa imezibwa inapita na injini inapiga kelele hapo hapo gereji. Mteja anasema umeliharibu gari. Hujaliharibu, rudisha tu skrubu mahali pake.

Linalopona likifika Kisumu

Mwalimu mmoja wa Njoro alikuwa na Toyota Corolla 110 ambayo aliiita gari la majini. "Fundi, nikishuka Kisumu Ijumaa linatulia kabisa. Nikirudi Jumapili, nikifika tu Londiani Junction, linaanza kunguruma. Nikisimama kununua viazi, watu wananiangalia."

Fundi hakugusa chochote. Alifungua boneti, akamwambia awashe gari na wangoje. Baada ya dakika chache alishika paipu ya juu ya radieta kwa kiganja kizima, bila kuruka. "Mwalimu, hebu weka mkono hapa. Hili gari limenguruma muda wote huu na paipu ina uvuguvugu wa maji ya kuoga. Thamostati iko wapi?"

Haikuwepo. Ilitolewa siku gari lilipochemka, na likaonekana limepona.

Hili ni jambo la huku kwetu na linastahili kusemwa kwa urefu. Gari likichemka, ushauri wa kwanza utakaoupata kwenye steji yoyote ni "toa thamostati." Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ifike joto la kazi, nyingi za Toyota hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka radieta muda wote. Kwenye tambarare ya Ahero, au ukikwama kwenye foleni ya Kondele jua likiwaka, injini inafika joto lake hata hivyo. Lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit imepita mita 2,400. Ukipanda huko jioni, au ukiteremka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, injini inapoa huku gari likienda. Sensa ya joto inaripoti baridi, kompyuta inamwaga petroli zaidi na kufungua njia ya hewa kama vile ni asubuhi. Unaiona sailensi, usichokiona ni petroli inayoteketea na oili inayochafuka mapema.

Dalili yake ni mshale wa joto usiofika katikati, au unaoshuka ukiwa safarini. Rudisha thamostati, kisha utafute kwa nini gari lilichemka mara ya kwanza: radieta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko kisichoshika presha, au gasketi ya hedi. Ukitaka kuipima thamostati kuukuu, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, pasha moto, na uangalie. Itaanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Usitarajie kuiona imefunguka mpaka mwisho, maana Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na nyingi huhitaji zaidi ya hapo.

Kama thamostati ipo na paipu ina moto ila sailensi bado iko juu, shuku sensa yenyewe. Ile ya kompyuta ina waya mbili. Usiichanganye na ile ya mshale wa dashibodi, ambayo kwa kawaida ina waya mmoja. Chomoa plagi yake na upime kwa multimita. Kwenye Toyota za wakati huo, ikiwa na nyuzi 20 inasoma kilo-omu 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 inashuka hadi kilo-omu 0.2 hadi 0.4. Injini ikiwa ya moto na bado unasoma kilo-omu 2, umempata mwongo. Tazama pia pini za plagi. Kutu ya kijani inaongeza ukinzani, na kompyuta inausoma kama baridi.

Usitegemee taa ya injini ikuambie haya. Kwenye Corolla za miaka ya tisini unaweza kuunganisha TE1 na E1 ndani ya kile kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, ukafungua swichi bila kuwasha, na kuhesabu taa inavyopepesa: mbili, kituo, mbili ni 22, yaani sensa ya joto, nne kisha moja ni 41, sensa ya throto. Lakini namba hutokea sensa ikikatika kabisa. Ikidanganya kwa kiasi, taa inapepesa sawasawa kana kwamba kila kitu ni salama. Na soma herufi vizuri kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu ndani ya kisanduku hicho kuna pini yenye umeme wa betri.

Inayopanda na kushuka

Mshale unapanda hadi 1,800, unaanguka hadi 1,000, unapanda tena. Wengi husema petroli haifiki na kununua pampu. Kinachotokea ni hiki: kuna hewa nyingi, mizunguko inapanda, kompyuta inaona throto imefungwa na injini ina mwendo mkubwa, inadhani unateremka mlima, inakata petroli. Mizunguko inaanguka, inarudisha petroli, mchezo unaanza upya. Kwa hivyo injini inayopumua hivi inakupa habari njema moja: bamba la throto limefungwa na sensa yake inajua hivyo. Hewa inapita kwingine.

Hapo angalia maji kabla ya kitu kingine. Vali ya sailensi kwenye injini nyingi za Toyota za 4A na 5A hupitiwa na maji ya injini kupitia paipu mbili ndogo zinazoingia kwenye throto. Throto iko juu, kwa hivyo maji yakipungua kidogo tu, au hewa ikinaswa baada ya radieta kujazwa haraka, paipu hizo ndizo za kwanza kukosa maji. Injini ikishapata moto zishike zote mbili. Zote ziwe za moto. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, kijia kimeziba. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko na kutu ambavyo huziba hapo kabla ya kuziba radieta. Zote zikiwa baridi, jaza maji ukitoa hewa: kifuniko wazi, hita ya ndani kwenye moto, injini ikinguruma mpaka viputo viishe. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa baridi, tafadhali. Na uweke kulanti, si maji ya bomba kila wiki.

Maji yakiwa sawa, toa paipu kubwa ya hewa mbele ya throto. Ndani, mbele ya bamba, utaona tundu dogo. Ndicho kijia cha vali ya sailensi. Injini ikinguruma, liziba kwa kidole. Mizunguko ikianguka, hewa ya ziada inapita kwenye vali: imekwama wazi, na mara nyingi ni ya kutolewa, kuoshwa na kurudishwa na gasketi mpya. Isiposhuka kabisa, au ikishuka kidogo tu, vali haina hatia. Jaribio hili linakwenda vizuri kwa injini zinazopima hewa kwa presha ya manifoldi, zile njia za hewa kati ya throto na injini, kama hizo za 4A na 5A. Nissan B14 yenye injini ya GA15 inapima hewa kwa mita iliyo kwenye paipu hiyo hiyo, kwa hivyo usiitenganishe injini ikiwaka. Ibane vali kwa njia nyingine au uitoe uitazame.

Tofauti hiyo ya upimaji inaeleza jambo linalowasumbua mafundi wengi. Paipu ikipasuka kwenye Corolla ya 5A, presha ya manifoldi inapanda, kompyuta inaongeza petroli kulingana nayo, na sailensi inapanda kwa raha zake. Paipu ile ile ikipasuka kwenye injini yenye mita ya hewa, hewa hiyo haikuhesabiwa, petroli haiongezwi ya kutosha, na injini mara nyingi inatetemeka au kutaka kuzima badala ya kupanda tu.

Iliyokaa juu kimya

Mizunguko 1,500, imetulia, haipandi haishuki. Hapa kompyuta haijui kwamba mguu umetoka, vinginevyo ingekata petroli. Ama waya umekazwa, ama bamba halifungi, ama kile kiskrubu cha kituo cha throto kimezungushwa, ama sensa ya throto imesogezwa. Kiskrubu hicho cha kituo hufungwa kiwandani, mara nyingi na alama ya rangi. Rangi ikiwa imekatika, mtu amepita hapo. Si ile skrubu ya sailensi. Ya sailensi iko ndani ya throto yenyewe na inaruhusu hewa kuzunguka bamba.

Kusaka mpasuko

Chukua plaisi yenye kitambaa mdomoni, injini ikinguruma, na ubane paipu za vakumu, zile zinazovutwa hewa na injini, moja baada ya nyingine. Ile itakayoshusha mizunguko ukiibana ndiyo inayokwenda kwenye ugonjwa. Anza na nene: ya seva ya breki, ile inayolainisha pedali, kisha ya kupumulia oili kutoka kwenye kifuniko cha vali. Seva iliyotoboka hujitangaza pia kwa njia nyingine: pedali ngumu, mlio wa kuvuta hewa karibu na miguu ya dereva, na sailensi inayobadilika ukikanyaga breki. Hiyo usiilaze, gari likiwa kwenye mteremko wa Salgaa, sailensi ndiyo shida ndogo.

Kuna moja ambayo watu hawaiwazii. Toyota nyingi zenye pawa stiringi zina kivali kwenye pampu ya stiringi chenye paipu mbili nyembamba, kazi yake ikiwa kuongeza hewa unapokata usukani. Kikiharibika, injini inavuta hewa muda wote, na wakati mwingine inavuta pia oili ya stiringi, sailensi juu na moshi nyuma. Wenye magari huambiwa ringi zimeisha na kuanza kuchangisha pesa za injini. Bana hizo paipu mbili kwanza.

Paipu zikiwa salama, baki na gasketi ya manifoldi na raba za injekta, vile vinyunyizi vya petroli, ambazo hukauka kwa umri. Hapa wengine hunyunyiza petroli na kusikiliza. Usifanye hivyo, waya mmoja wa plagi unaovuja umeme unatosha kuchoma gari na kibanda. Tumia chupa ya kunyunyizia yenye maji safi, kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi ya hewa, ukiepuka distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, na manifoldi ya moshi ambayo ina moto mkali. Maji yakifunika mpasuko utasikia mlio ukibadilika na kuona mshale ukitikisika.

Ukitumia geji ya vakumu, usisome kitabu kilichoandikwa kwa pwani. Kitabu kinataka inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini unapoteza karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Hapa Nakuru, inchi 13 au 14 bila mshale kutetemeka ni injini yenye afya. Kisumu tarajia mbili hivi zaidi. Nimeona manifoldi zikifunguliwa bure kwa sababu ya hesabu hiyo.

Na kama gari liliwekwa injini ya eksi-Japani, usiamini kwamba kila paipu ilirudi mahali pake. Chini ya boneti la magari mengi ya Japani kuna stika yenye mchoro wa paipu za vakumu. Kijapani hukijui, lakini mistari unaweza kuifuata.

Za kabureta

Datsun 1200, Nissan B12, Peugeot 504: hapa hakuna kompyuta ya kudanganywa. Choki ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ya kuvuta kwa mkono, hakikisha waya unarudi mpaka mwisho. Ya otomatiki, toa kifuniko cha eaklina injini ikiwa ya moto na uone bamba la juu limesimama wima. Likiwa bado limelala, ile kamu ya mwendo wa baridi inashikilia throto wazi. Kisha shika shafti ya throto uitingishe. Ikicheza, imekula tundu lake, na hewa inapita pembeni. Hakuna skrubu itakayotibu hilo. Tazama na kile kizuizi cha joto chini ya kabureta, kwa kuwa hupasuka wakati nati zinapokazwa upande mmoja.

Hapo ndipo taimingi inaingia. Distribyuta ikisogezwa mbele, mizunguko inapanda bila hewa kuongezeka. Wako wanaoisogeza makusudi ili gari lipande Mau kwa nguvu. Vilevile, paipu ya distribyuta inayotakiwa kukaa juu ya bamba la throto ikichomekwa kwenye manifoldi, taimingi inakwenda mbele hata gari likiwa limesimama. Pima kwa taa ya taimingi. Kwenye 4A na 5A zenye distribyuta ni digrii 10, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Bila kuziunganisha utapima marekebisho ya kompyuta, si mahali ilipofungwa.

Sasa shika bisibisi. Injini iwe ya moto, feni ya radieta imeshawaka na kuzima, taa, redio na eakondishoni vimezimwa, gia kwenye nyutro au P. Zungusha skrubu robo kwa robo, ungoje injini itulie kila mara, mpaka ufike namba iliyoandikwa kwa gari lako. Kisha washa taa na feni ya ndani: mshale uyumbe kidogo na kurudi. Ukilazimika kuikaza skrubu mpaka mwisho ili ufike 800, simamisha kazi, bado kuna mpasuko hujaupata.